Jiwe la Kilima cha Busozi

Husnah alianza kuwadharau watembezi wakiwa bado gatini Ggaba, ukingoni mwa Kampala, kabla hawajatia mguu majini. Walikuja kila Jumamosi asubuhi na buti zinazonuka duka, wamejipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka wanateleza, fimbo za chuma mikononi kama watu waendao kuvuka theluji. Kumbe wanakwenda kisiwa cha Busozi, saa moja kwa mashua, kwenye kilima ambacho yeye alikipanda kwa kandambili miaka minane akitafuta kuni.

Alikuwa Mnubi wa miaka arobaini na saba, mjukuu wa askari, mwenye miguu mikavu na ulimi mkavu zaidi. Marehemu mumewe, Wahabi, alikuwa nahodha, na walipokuwa wakiishi kisiwani ndipo alipozijua njia zote. Wahabi alipofariki, mdogo wake Fadhul, muuza simu wa mjini, akagundua kwamba watu wa maofisini wako radhi kulipia uchovu. Akanunua jaketi za kujiokolea, akajiita mkurugenzi, akamwajiri shemeji yake awaongoze watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata nusu ya kilima. Hukaa ufukweni chini ya mwavuli akingoja samaki wakaangwe.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, hilo Husnah hakulikana. Unaingia msituni penye giza na mizizi ya kukwaza, tumbili wanakuzomea kutoka juu, kisha unatoka ghafla kwenye nyasi na upepo, ziwa pande zote, visiwa vidogo vimetapakaa hadi macho yanapokoma. Lakini watembezi wakifika hapo huligeuzia ziwa mgongo wapate kujipiga picha, kisha wanauliza kama kuna mtandao.

Na kileleni palikuwa na jiwe. Jiwe jeusi, kubwa, basi.

“Shemeji, watu hawapandi kote huko kuangalia jiwe,” Fadhul alimwambia mwaka wa kwanza. “Litafutie hadithi.”

Husnah alikuwa akimenya karanga. Akaipika palepale, kwa kejeli tu: zamani mke wa mvuvi alikaa juu ya jiwe lile siku saba akimlilia mumewe aliyezama, na siku ya saba akaisikia sauti yake ndani ya jiwe. Tangu hapo, ukiweka sikio, utamsikia uliyempoteza. Alidhani watacheka. Hawakucheka. Walipiga magoti, wakaweka sikio, wakainuka na machozi. Mfanyakazi mmoja wa benki alimsikia mbwa wake. Husnah alisimama pembeni akijiuliza watu hawa walifundishwa nini shuleni.

Ikaendelea hivyo miaka mitatu, mpaka Jumamosi aliyokuja Mama Kavugho.

Alikuwa Mkongomani, mjane wa miaka sitini na kitu, muuza vitenge Old Kampala. Alikuja na viatu vya kanisani, kitenge kipya na goti bovu. Wengine walikuwa vijana tisa na wakala wa bima aitwaye Odyek, mwenye saa ya mkononi inayohesabu hatua.

“Madamu, mwendo huu unaniharibia wastani,” Odyek alilalamika kabla hawajamaliza hata msitu. “Huyu mama hawezi kungoja chini?”

“Wewe na wastani wako tangulieni. Mkipotea, tumbili watawarudisha,” Husnah akamjibu, akabaki nyuma na yule mama.

Mama Kavugho alipanda kwa kushika miti, hatua moja, pumzi tatu. Walipopumzika kwenye gogo, Husnah akamuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba haya ni matembezi ya wazee.

“Mteja wangu aliniambia habari ya jiwe,” alisema yule mama. “Dada, mimi niko natafuta mwana wangu, Bénit. Miaka minne sasa. Alitoka Butembo na lori, kwenye barabara ya Beni wakashambuliwa. Lori lilipatikana. Yeye hapana. Sikuona hata kiatu chake. Nikisikia sauti tu, nitajua kama yuko huko ng’ambo, nimuombee kama maiti.”

Husnah akazikumbuka karanga zake, akainuka kwenye gogo.

“Mama, goti hilo halitafika,” alisema. “Turudi. Nitakutafutia kivuli na chai.”

“Litafika.”

Alitaka kumrudisha ili asilazimike kusema ukweli, na mwenyewe alijua hivyo, akajidharau kuliko alivyowahi kumdharau mwenye buti yeyote. Wakapanda.

Kileleni vijana walikuwa wamejipanga foleni. Odyek alikuwa ameshapiga magoti, jicho moja limefumbwa, lingine kwenye simu inayomrekodi. Walimpisha Mama Kavugho. Akavua viatu. Akaanza kujishusha, mkono mmoja juu ya jiwe.

“Mama, usiweke sikio,” Husnah akasema. “Hamna kitu humo. Hadithi hiyo niliitunga mimi. Hakuna mke wa mvuvi. Nilikuwa namenya karanga.”

Odyek akashusha simu yake.

“Lakini mimi nimesikia!” msichana mmoja akapinga.

“Umesikia damu yako mwenyewe masikioni. Umetoka kupanda mlima.”

Mama Kavugho akajinyoosha taratibu, akamtazama Husnah kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga.

“Askari walinidanganya,” alisema. “Manabii walinidanganya. Watu wa kupiga simu walinidanganya, eti wanamjua, wamemwona Goma. Wale walitaka pesa, nawaelewa. Weye ulitaka nini?”

Husnah alikuwa ametaka kuwacheka wajinga, na haikuwezekana kulisema hilo mbele ya mama yule.

Vijana wakashuka mbio, wamenuna. Lakini goti la Mama Kavugho lilikuwa limevimba, wala hapakuwa na mwingine wa kumtegemea. Akaweka mkono begani kwa Husnah, ingawa sasa alimchukia, wakashuka hivyo kwa saa mbili. Penye mizizi, vidole vyake viliuma nyama ya bega. Husnah hakulalamika.

Ufukweni aliuondoa mkono.

“Ya bega, asante,” alisema. “Ya mengine, Mungu amekuona.” Akaingia mashuani bila kugeuka.

Fadhul alikwisha kusikia kila kitu. Mdomo unang’aa mafuta ya samaki, akamwambia, “Shemeji, waambie ulikuwa unatania. Sema hivyo tu, tuendelee.”

“Panda wewe ukawaambie,” alijibu Husnah. “Utaliona na jiwe, maana hulijui.”

Kazi ikaishia hapo. Mwezi uliofuata Fadhul alipata kijana wa maigizo, naye akaiongezea hadithi ngoma na siku ya nane.

Husnah alikwenda mara mbili Old Kampala kwenye kibanda cha vitenge. Mara ya kwanza Mama Kavugho alimhudumia mteja mwingine hadi yeye akaondoka. Mara ya pili alimwuliza anataka kitenge gani. Husnah akanunua cha buluu, akapewa chenji yake na salamu ya dukani, hakuna zaidi. Hakurudi tena.

Siku hizi kina mama wa kisiwani humwita wanapopata wageni wao wachache. Huwapitisha upande wa mashariki, kwenye kinamasi cha mafunjo, akiwaonyesha mti gani una upupu na maji gani yana kichocho. Wageni wengine humwona mkali. Wengine huja na buti mpya, naye bado huziangalia na kusonya.