Waya wa Mukuba Kidoleni

Nazikumbuka, mwanangu unayesomea uuguzi sasa, siku nilizoamini kwa moyo wote kwamba homa ni umeme. Usicheke kwanza. Mtaa wetu wote wa Katuba ulisema hivyo: mgonjwa akiwaka moto, mfunge waya wa mukuba, shaba yetu hii nyekundu, kwenye kidole gumba cha mguu, ncha yake uichomeke ardhini, na homa itashuka udongoni kama radi. Katika mji uliozaliwa na shaba, nani angeikataa dawa ya shaba? Mchana nilikuwa fundi wa kusuka nyaya za mota, jioni mwanafunzi wa uuguzi. Waya nilikuwa nao wa kuizungushia dunia, ukabaki wa kufungia mbuzi.

Basi nikafunga vidole vya majirani. Wengi walikuja kunishukuru, nami nikadhani jina langu limeshafika Kilwa yetu ya ziwani kabla ya malori. Wazee husema lisemwalo lipo. Kweli lipo, lakini mara nyingine lipo mdomoni tu.

Ndipo Monga, mtoto wa kaka yangu, akashikwa na homa ya kuchemsha maji ya bukari, ugali wetu. Mama yake alitaka kumkimbiza zahanati asubuhi ileile.

"Ngoya kwanza, shemeki," nikamwambia. "Waya iko inafanya kazi."

"Mutoto hafungue hata macho!"

"Ngoya."

Akangoja, maana mimi ndiye niliyekuwa daktari wa ukoo. Mchana mtoto akaanza kukakamaa na kutetemeka. Shemeji hakuniuliza tena. Alimfunga mgongoni, waya ukining'inia kidoleni, akakimbia, nami nyuma yake.

Mkuu wa zahanati alikuwa Mama Kasongo, yeye yule aliyetufundisha jioni. Walimpima Monga damu, wakakuta palu, malaria kali, wakamtundikia dawa. Baada ya siku chache akaomba uji. Shemeji akalia kwa furaha, akaushika ule waya uliokuwa bado kidoleni.

"Miye siifungue. Waya njo ilimuponesha."

Nami nikatabasamu kama askofu siku ya Pasaka.

Mama Kasongo akavuta kiti. "Daktari wa mota, angalia vitanda. Bale batoto bengine, balikuya na palu?"

"Ndiyo, Mama."

"Bamepata dawa?"

"Bamepata."

"Bamefungwa waya?"

Nikatazama vidole. Vyote vitupu. Mmoja wa wenye vidole hivyo alikuwa akimrushia mwenzake maganda ya karanga.

"Hapana."

"Na banapona?"

Nikakohoa.

"Bon. Na bale benye ulifunga waya, benye habakurudi kukushukuru, uliendaka kubaona?"

Sikuwa nimekwenda, basi nikaenda nyumba kwa nyumba. Baba mmoja wa mtaa wa nyuma, niliyemhesabu amepona kwa kuwa alikuwa kimya, kumbe alikuwa amelazwa hospitali kubwa, figo zimechoka. Na wengi wa walionishukuru walikuwa wamemeza vidonge vya palu siku ileile niliyowafunga waya, wakanyamaza kwa adabu. Hata heshima, mwanangu, huweza kufunika ukweli.

Leo uvumi hauna haja ya miguu, una simu. Hata utafiti wenyewe huja umevaa tai na majedwali. Usiudharau, wala usiupigie magoti. Uulize kama nilivyoulizwa: hao waliopona, walilinganishwa na nani? Walipata nini kingine pamoja na hiyo dawa? Wasiopona wako wapi, na nani aliwafuata nyumbani kwao? Na anayeusifu, je, ana waya wa kuuza? Usipopata jibu, usimwambie mama mwenye mtoto mgongoni angoje. Mungu akupe macho ya kukiona hata kidole kitupu, na akupe wagonjwa wanaothubutu kukuambia kwamba hawajapona.

Lakini mimi maneno yangu ni marefu. Ya Mama Kasongo yalikuwa mafupi. Niliporudi zahanati nikayasema yote mbele ya shemeji, naye bado alikuwa ameushika waya, anaogopa kuufungua, mtoto asije akawaka tena. Mama Kasongo akainama, akaufungua mwenyewe polepole, akamwekea shemeji kiganjani.

"Mama Monga, hii inabeba umeme. Palu iko mu damu. Mutoto alipona sababu ya dawa, na sababu weye ulikimbia."