Vidonge vya Siku ya Mfungo

Harufu ya bahasha ya dawa hunirudisha jikoni kwa susu, nyanya yangu. Ijumaa moja alikuwa amefunga kwa maombi, lakini vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari alivimeza.

“Susu, daktari alisema ule kwanza.”

“Hii ni dawa, si chakula, wewe profesa wa darasa la nne. Mungu anajua.”

Profesa nikarudi kuosha vikombe. Kufika adhuhuri alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Sukari yake ilikuwa imeshuka, kama daktari alivyoonya; nikamtia sukari mdomoni huku nalia, hadi akanitambua.

“Umenivunjia mfungo,” akanung'unika.

Ijumaa iliyofuata alifunga tena. Nilivificha vidonge, kisha nikashinda nikimtazama kifua, maana sikujua kama kuvikosa nako kungemuua.