Kompyuta ya Gari la Baba

Gari langu haliwezi kupanda mlima wa Kariandusi. Basi, nimesema. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya ndugu, marafiki, na polisi mmoja wa barabarani aliyenisimamisha, si kwa sababu ya mwendo wa kasi, bali kuniuliza kama nina shida. Nilisingizia malori yaliyo mbele yangu. Nilisingizia upepo, mafuta ya kituo fulani, gunia la viazi kwenye buti. Siku moja, Mungu anisamehe, nilisingizia uzito wa mama yangu, mwanamke ambaye upepo wa Gilgil ukivuma hulazimika kushika nguzo ya lango.

Ukitoka Nakuru kuelekea Gilgil, barabara hukupa moyo kwanza. Kisha ukilipita ziwa Elementaita huanza kuinuka, pale karibu na machimbo ya udongo mweupe, na hapo gari langu hupunguza mwendo kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka nyumbani. Nakanyaga, injini inalalamika, mshale wa mwendo unashuka. Malori ya simiti hunipita. Madereva wake hawanipigii hata honi. Hunitazama tu kutoka juu, kwa huruma, nami huwatukana vioo vikiwa vimefungwa.

Gari lilikuwa la baba. Alilinunua alipostaafu, likiwa tayari limetumika Japani na mtu ambaye, kwa maelezo ya baba, alikuwa akienda nalo kanisani tu. Sijui Wajapani wangapi huenda kanisani, lakini baba alishikilia hivyo mpaka alipotutoka. Baba alikuwa mtu wa kutengeneza vitu kwa kuvipunguza. Mlango wa banda la kuku ukipiga kelele, aliung'oa. Kengele ya mkanda wa gari ilipomsumbua, aliikata waya. Hita ya gari ilipoacha kutoa hewa ya moto, alisema hita ni ya watu wavivu wa kuvaa sweta, na mjadala ukaishia hapo. Mimi ndiye niliyerithi gari, kwa kuwa kaka yangu anaishi Nairobi na ana gari ambalo mlango wake wa nyuma hujifungua wenyewe. Kulisema vibaya gari la baba ni kama kumsema baba mwenyewe, na kwetu hilo halifanyiki, angalau si kwa sauti.

Ningeendelea kukana mpaka kaburini kama si macho ya mama. Ana presha ya macho, na kila baada ya muda lazima aletwe kliniki huku kwangu Nakuru ipimwe. Daktari alitueleza bila kupamba maneno: kiasi cha kuona kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Kwa hiyo siku moja kabla ya kliniki mimi huenda Gilgil, nalala kwake, tunatoka alfajiri ili tuwahi foleni, na jioni namrudisha. Hivyo ndivyo tulivyofanya, mpaka mama alipokataa.

"Hiyo gari siwezani nayo tena," aliniambia, akiwa ameketi jikoni na blanketi magotini. "Uende na hao wengine."

"Wengine gani, mama? Ni wewe uko na kliniki."

"Macho yangu iko sawa. Naona mpaka vumbi umeacha kwa viatu."

Hakueleza zaidi, na mimi, kwa kuwa nimesoma, sikuhitaji kuelezwa. Nilifahamu mara moja kwamba anaogopa mlima. Nilikumbuka jinsi anavyonyamaza jioni tunapopanda Kariandusi, amejifunga shuka mpaka kidevuni, midomo ikitembea kama anayesali. Kliniki hiyo ikapita. Ya pili ikapita. Kaka yangu akapiga simu.

"Uza hiyo kitu," alisema. "Nitamtafutia mum dereva wa teksi hapo Gilgil. Ampeleke, amrudishe, wewe upumzike."

Upumzike! Zile safari ndizo saa pekee ambazo mama hunisimulia mambo. Nyumbani huwa na kuku, majirani na redio. Garini hana pa kukimbilia. Nilimwambia kaka kwamba gari halina kasoro yoyote, kisha nikakata simu nikaanza kutafuta namna ya kuongeza nguvu za injini kabla ya kliniki inayofuata.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba magari ya siku hizi, hata ya zamani kama langu, yana kompyuta. Ni kiboksi kimefichwa nyuma ya dashibodi, nacho ndicho huamua injini inywe mafuta kiasi gani na lini. Inasemekana kwamba ukikibadilishia maagizo, gari huamka. Nilifurahi. Nimefundisha watu wazima kuandika insha zaidi ya nusu ya maisha yangu; wazo la kiumbe kinachobadilika baada ya kusahihishwa mara moja lilinivutia sana.

Tatizo ni kwamba kila mtu mjini Nakuru ana njia yake ya kusahihisha. Nilianza na ile ya waoga: kidude cha kuchomeka chini ya usukani, nilichokiagiza mtandaoni. Kinajifunza tabia yako ya kuendesha, walisema, kisha kinaipa injini nguvu. Nilikichomeka. Kikawaka taa ya kijani, kikapepesa. Nilikizungusha Milimani yote, nikipanda vile vilima vyetu vya watu wenye mageti, nikasikia kabisa kwamba gari limebadilika. Nilimwambia jirani. Nilimwambia askari wa getini. Jumamosi nikalipeleka Kariandusi, nikapitwa na trekta. Kidude kilikuwa kinapepesa kwa furaha yote. Nadhani kilikuwa kimejifunza tabia yangu ya kujidanganya, na kikaona haina haja ya kuongezewa nguvu.

Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote. Yeye hapendi mambo ya kubadilisha maagizo. Anaamini katika kubadilisha vitu.

"Madam, hapa tunatoa kontrol boksi yote," alisema. Ndivyo wao huiita hiyo kompyuta. "Niko na ingine safi. Imetoka kwa gari iligongwa."

"Iliyogongwa?"

"Iligongwa nyuma. Kichwa yake iko sawa."

"Na nikiiweka itapanda Kariandusi?"

Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Madam, mlima ni mlima. Lakini utakuwa na amani ya roho."

Amani ya roho nilikuwa nayo tayari, kabla sijaanza kuuliza watu maswali.

Ndipo nikapelekwa kwa mtu wa laptopu. Ana kontena upande wa chini wa mji, karibu na reli, na ndani yake hakuna tone la grisi; kuna kiti cha ofisi, nyaya, na picha ya gari jekundu lisiloweza kupita hata matuta ya mtaa wetu. Alikuwa mwanaume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alitoka kunipokea kama daktari.

"Sasa mathe. Ni hii?"

"Ni hii." Nina shahada mbili, na kila nikienda gereji ninakuwa mathe, mama wa kila mtu.

Alilizunguka polepole. "Hii ni mzee wa kanisa. Inapanda?"

"Inapanda," nikasema haraka. Kisha, kwa kuwa nilikuja kutibiwa, "Polepole."

"Polepole kama nini?"

"Kama lori."

"Lori tupu ama lori imebeba?"

Nilitazama reli. "Imebeba."

Alinielezea machaguo yangu. Kuna ya kuokoa mafuta, kuna ya nguvu, na kuna ya kurudisha kilomita nyuma, kwa wale wasiopenda kuulizwa maswali na bibi zao. Kila moja ilikuwa na bei yake, na kila moja ilikuwa na "lakini" yake. Ya nguvu ingeng'arisha gari mlimani, lakini ingekunywa mafuta. Ya kuokoa mafuta ingeokoa mafuta, lakini mlima ningeendelea kuuomba msamaha. Nilimuuliza iliyo katikati. Alisema watu wa katikati ndio humrudia na malalamiko.

Nikachagua nguvu. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea: nguvu.

Alichomeka waya wake pale pale kilipokuwa kidude changu cha kijani, akawasha laptopu, akasoma. Kisha akanitazama.

"Mathe, injini yako iko baridi."

"Imetoka Milimani sasa hivi."

"Najua. Washa, tuzunguke."

Tulizunguka hadi barabara kuu na kurudi, yeye na laptopu mapajani, mimi nikipandwa na hasira kila kona. Injini ilibaki baridi. Alinionyesha nambari, kisha akanionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi yangu, ambao tangu nilipolirithi gari haujawahi kuinuka kutoka chini. Siku zote nilidhani ni adabu.

"Hakuna thamosteti hapa," alisema. "Ni kile kidude kinazuia maji ya rejeta isizunguke mpaka injini ishike moto. Kuna mtu alitoa."

"Hakuna mtu ametoa kitu. Hii gari ilikuwa ya baba yangu."

"Hao ndio walikuwa wanatoa, mathe. Gari ikichemka kidogo, wanaambiwa hiyo ni kitu ya nchi za baridi, Afrika haihitajiki. Inatolewa. Haichemki tena, watu wanashukuru. Lakini kompyuta haijui mambo ya Afrika. Inaona injini ni baridi, inafikiria umetoka kuwasha saa hii. Inamwaga mafuta mingi, gia ya mwisho inakataa kuingia. Kila siku, saa zote, hii gari inafikiria ni asubuhi."

Nilitaka kumtetea baba, lakini nilikumbuka mlango wa banda la kuku.

"Sasa tunafanya nini?"

"Thamosteti ya hii modeli utatafuta mpaka uchoke. Lakini naweza kuiambia kompyuta injini iko moto. Itaamini."

"Tuidanganye?"

"Si kudanganya. Ni kuipanga."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na kidude cha kijani kwenye mkoba, kontrol boksi ya gari lililogongwa ikiningoja upande wa pili wa mji, na kliniki inakuja. Nikamwambia aipange. Alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa mama.

"Wewe msichana," alisema, "ni nini hii naskia kuhusu dereva wa teksi? Mimi niketi na mwanaume sijui, niongee naye nini?"

"Mama, hakuna dereva. Niko kwa gereji, naongeza gari nguvu. Hutaogopa mlima tena."

"Mlima gani?"

"Kariandusi."

Nilisikia kuku akifukuzwa.

"Nani amekuambia naogopa Kariandusi? Mimi nilipanda hapo kwa miguu nikiwa na wewe mgongoni. Hiyo gari ni baridi! Tunatoka hapa asubuhi, nje ni baridi, ndani ni baridi kuliko nje. Magoti yangu inalia mpaka siku ya tatu. Jioni tukipanda nanyamaza kwa sababu meno inagongana."

"Mbona hukusema?"

Sauti yake ilishuka.

"Baba yako alisema hita ni ya wavivu. Sasa hayuko. Nianze kusema gari yake mbaya, na hawezi kujibu?"

Mtu wa laptopu alikuwa ananitazama, kidole bado hewani. Nikamwambia mama, kwa kuwa sikuwa na lingine la kusema, kwamba hata injini yenyewe ni baridi, na kwamba kuna kidude kiliondolewa.

"Kama kikombe kidogo? Ya shaba, na springi?"

"Sijui, mama."

"Iko hapa kwa mkebe wa vifungo. Fundi wa hapa Gilgil alitoa, baba yako akanipatia niweke, akasema Wajapani wanapenda kujaza vitu kwa gari. Hakuwa anatupa kitu, wajua vile alikuwa."

Niliweka simu kwenye spika. Nilisahau kuona aibu. "Ako nayo," nilimwambia mtu wa laptopu.

Alishusha kidole. Aliinama karibu na simu. "Mathe, habari yako. Iko na kutu?"

"Nani huyo?"

"Ni fundi, mama. Mjibu."

"Haina kutu. Kwangu hakuna kitu inashika kutu."

"Chemsha maji, uitumbukize. Ikifungua mdomo, ni nzima, na hata hita itarudi, hiyo huchota moto kwa maji ya injini."

"Niko na chai kwa jiko."

"Si kwa chai, mama!"

Tulisikia sufuria, kisha mfuniko, kisha mama akiimba wimbo wa kanisa kwa ndani ndani, kama anavyofanya akipika chochote. Mtu wa laptopu aliufunga mtambo wake taratibu, akachomoa waya. Alikuwa anapoteza kazi nzuri, na uso wake ulisema hivyo, lakini hakuondoka pale kwenye simu. Tulisimama wawili tumeinamia kiti cha dereva, tukisubiri maji ya Gilgil yachemke.

"Inafungua," mama alisema. "Ngoja. Imefungua mdomo kama kifaranga." Kisha, kabla sijasema neno: "Kuja uichukue. Na kliniki nitaenda na hiyo gari, hiyo ya baba yako. Lakini ukipitwa na lori, unyamaze. Hiyo matusi yako ya mlimani, mimi ndio huwa naiombea msamaha."