Chumvi ya Mashine

Sinywi maji bila kuyaonja kwanza. Wanaonikaribisha nyumbani kwao huniona nina maringo, maana nagusisha ulimi kwenye bilauri, natulia kidogo, ndipo nameza. Huwa nawaambia ni desturi ya Kalemie. Ni uongo. Kalemie watu wanakunywa maji kama watu wengine wote. Hii ni desturi ya nyumba moja tu, na katika nyumba hiyo nimebaki mimi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, kilimani juu ya stesheni. Injinia mmoja Mzungu aliiacha alipoondoka, na miaka ya Zaire ilipoanza akapewa Papa, baba yangu. Papa alikuwa mtu wa maji. Kazi yake kwenye karakana ya reli ilikuwa kuandaa maji ya kuingia kwenye boila, kwa sababu maji ya ziwa letu, pamoja na uzuri wake wote kwa macho, ni magumu: yana chokaa na magnezi, na ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe. Papa alikuwa ameona mabomba mapana yaliyozibwa na ukoko huo hata kidole hakipiti. Aliuchukia kama watu wengine wanavyouchukia uchawi.

Katika chumba cha kufulia, injinia alikuwa ameacha mashine ya kulainisha maji. Ilikuwa silinda ya chuma, ndefu kidogo kunizidi mimi mwenye miaka kumi na mmoja, na ndani yake zimejaa punje ndogo za rangi ya asali, kama mayai ya samaki. Papa alipenda kuieleza kwa wageni hata kabla hawajakaa. Alisema kila punje ni behewa, na abiria walioketi ndani ni sodiamu, ile sehemu ya chumvi. Maji magumu yanapopita, chokaa na magnezi wanapanda. Hao ni wababe: mmoja akipanda, sodiamu wawili wanashuka na kwenda zao na maji. Chokaa inabaki kwenye behewa, maji yanatoka laini. Lakini siku zinavyopita viti vyote vinajaa chokaa, na mashine haifanyi kazi tena. Hapo unaleta maji ya chumvi kali. Sodiamu wanakuja umati, wengi mno, mpaka hata wababe wanasukumwa nje na kumwagwa kwenye mfereji, na sodiamu wanarudi kukaa kwenye viti vyao. Kisha unasuuza.

Tulifanya hivyo kila Jumamosi asubuhi. Chumvi ilikuwa ile ya mabonge ya Uvinza, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma kwenye magunia. Papa aliiyeyusha kwenye ndoo, akaichuja kwa kitambaa, akaimimina, na mashine ikavuta pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo. Baadaye alifungua maji ya kusuuza, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilikinga kiganja chini ya bomba na kuonja. Papa alikuwa mvuta tumbaku, hakuuamini ulimi wake, naye alikuwa na imani kwamba ulimi wa mtoto hausemi uongo. Niliposikia chumvi nilitikisa kichwa, maji yakaendelea kumwagika. Nilipoacha kuisikia nilisema, "Haina kitu, Papa," naye akafunga bomba la kusuuza na kurudisha maji ndani ya nyumba. Nilijiona mtu mkubwa sana siku za Jumamosi.

Mama aliipenda mashine kwa sababu ya povu. Kwenye maji ya ziwa sabuni ilikuwa inaganda na kuacha utando wa kijivu kwenye nguo. Kwenye maji ya mashine kipande kidogo tu kilifua mashuka yote, na mashuka yake yalikuwa meupe kiasi cha kuwaudhi majirani. Alimtania Papa tu kwamba mashine inakula chumvi kuliko watu wa nyumba nzima.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Alipanda kilima kutoka sokoni akalazimika kukaa njiani mara mbili, halafu mara nne, halafu hakushuka tena sokoni. Muuguzi wa dispensari alimsikiliza kifua akasema moyo umechoka, akampa vidonge, na akakataza chumvi kabisa. Kwetu mgonjwa hapikiwi sufuria yake peke yake. Ni kama kumtenga angali hai. Kwa hiyo sote watatu tuliacha chumvi. Dada zangu wakubwa walikuwa wameolewa Moba, wao walinusurika. Mimi nilikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo bila chumvi kwa miezi mitatu, nikiwa na hasira ambayo naionea aibu mpaka leo. Na gunia la Uvinza lilikuwa palepale kwenye chumba cha kufulia, kwa ajili ya mashine.

Papa ndiye aliyeamua Mama anywe maji laini tu. Alifikiri kama mtu wa boila anavyofikiri: moyo una mabomba, chokaa inaziba mabomba, basi mgonjwa wa moyo asinywe chokaa. Alimwekea jagi lake la enameli kwenye dirisha, karibu na kiti alichokalia ili aweze kupumua, akalijaza mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilimwona akilibeba kwa mikono miwili, polepole, lisimwagike. Sijamwona mwanamume mwingine akimhudumia mkewe hivyo, na ndiyo maana jambo hili ni zito kulisimulia.

Jumamosi moja nilitumwa kwa jirani kurudisha ungo. Alikuwa mjane aliyeuza ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani, na asubuhi hiyo alikuwa amekaanga sufuria nzima kwa chumvi na pilipili. Alinipa kwenye jani. Nilikula nyuma ya jiko lake nimechuchumaa, nikamwomba tena, akanipa tena. Nililamba jani. Nililamba vidole. Nikarudi nyumbani mbio, maana nilisikia Papa akiniita.

Maji ya kusuuza yalikuwa yanatoka. Nilikinga kiganja, nikaonja, na kwa kinywa changu maji yale yalikuwa kama ya mvua. Nilijua. Hilo sitalificha: nilijua kwamba kinywa changu kimejaa chumvi na hakiwezi kupima chochote. Ningeweza kusukutua na kungoja. Lakini Papa angeniuliza nasukutua nini, na katika nyumba ambamo Mama alikuwa anakula bukari bila chumvi bila kunung'unika, sikuweza kutaja ndakala.

"Haina kitu, Papa," nikasema.

Alifunga bomba. Akachukua jagi la Mama, akalijaza hapo hapo, akanipa nimpelekee.

Mama alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumzika. Alinitazama, akatazama kikombe, akasema maji ya leo ni mazuri, nimwongeze. Papa alifurahi, kwa sababu siku nyingi Mama hakuwa anakunywa wala kula kwa hamu. Jumapili pia alikunywa. Jumatatu hakuweza kulala chali, akakaa kitini akivuta pumzi kwa mabega. Jumanne, kabla ya saa sita mchana, alifariki.

Wanawake walijaa nyumbani kwa kilio. Walipika kwa chumvi, maana hapakuwa tena na wa kukatazwa. Mmoja wao alinipa sahani, nikatia tonge mdomoni, nikashindwa kumeza. Watu walisema mtoto ana huzuni. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, lakini nilikuwa na hofu zaidi.

Jumamosi ya kwanza baada ya watu kutawanyika, nilimsikia Papa akiyeyusha chumvi. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikingoja kuitwa. Mashine ilivuta pumzi yake ndefu. Maji ya kusuuza yakaanza kwenda, yakaenda, yakaenda muda mrefu kuliko siku zote, na mimi nimesimama palepale. Papa hakuniita. Nilichungulia nikamwona ameinama chini ya bomba, anaonja mwenyewe. Hakuniita Jumamosi iliyofuata, wala nyingine yoyote. Basi nikaelewa kwamba anajua, na nikaishi naye hivyo miaka mitano, tukisalimiana, tukila pamoja, tukienda misa. Kila Jumamosi nilipoisikia mashine ikivuta pumzi nilimwona Mama kitini, anavuta pumzi kwa mabega. Katika ndoto zangu hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa anakunywa tu na kunyoosha kikombe, nami namwongeza.

Nilipelekwa kusoma Kongolo, kwa masista. Siku moja sista wetu wa kemia alichora punje ubaoni, na karibu nicheke, kwa sababu ilikuwa hadithi ya Papa bila mabehewa. Kisha akaongeza jambo ambalo Papa hakuwahi kulifikisha mpaka mwisho: sodiamu walioshuka wamo ndani ya maji unayokunywa. Hata ukisuuza vizuri, wamo. Ni kidogo, mwenye afya hapati shida, lakini mgonjwa wa moyo aliyekatazwa chumvi apewe maji mengine. Niliomba ruhusa ya kutoka nje.

Nakiri nilichohisi. Nilihisi nafuu. Kumbe Papa naye alikuwa na kosa lake, tena la kila siku, na mimi langu ni la Jumamosi moja tu. Niliibeba nafuu hiyo kwenye treni kutoka Kongolo mpaka Kalemie, na likizo ilipoanza, tukiwa wawili mezani mchana, nikamtupia.

"Papa, ile maji ya Mama ilikuwa na chumvi kila siku."

Aliweka tonge chini.

"Najua," alisema. "Nilikuja kujua nyuma, kilio kimekwisha. Kila siku kidogo. Ile siku ya posho, mingi."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu. Nilimuuliza kwa nini hakunipiga, kwa nini hakuniuliza hata neno.

"Mama yako alinikataza." Alitazama kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekuwa akikikalia. "Ile Jumapili aliniita, akaniambia nionje jagi yake. Nikaonja. Akasema, mutoto alikula ndakala, nilisikia harufu kwa mikono yake alipokuwa ananipa kikombe. Usimuulize. Ni mutoto, alitamani chumvi. Hata mimi natamani."

Nilidhani amemaliza. Nilitaka awe amemaliza.

"Nikabeba jagi nikaimwage," akasema. "Akanishika mukono. Akasema, Papa, miezi tatu sijaonja kitu. Hii miguu haitashuka tena kilima, unajua na mimi najua. Niache nimalize hii." Alisogeza sahani yake kando. "Nikamumiminia mimi mwenyewe. Vikombe viwili."

Hatukulia, wala hatukushikana mikono. Sisi si watu wa hivyo. Kupitia ukuta tulisikia tone la maji likidondoka kwenye chumba cha kufulia, kisha lingine. Nilikuwa nimekuja kumgawia mzigo wangu, na kumbe tangu mwanzo alikuwa nao wote.

Papa aliinuka. Ilikuwa Jumamosi, na alikuwa amesuuza mashine asubuhi hiyo. Alichukua kikombe cha Mama rafuni, akaenda kukinga maji, akarudi nacho kwa mikono miwili, polepole. Hakuonja. Alikiweka mbele yangu.

"Onja," akasema.

Nilinyanyua kikombe. Sikuwa nimekula ndakala wala chochote cha chumvi siku hiyo, na nilisukutua kwanza, yeye akinitazama. Nikaonja, nikangoja, nikaonja tena.

"Haina kitu, Papa," nikamwambia.

Akakaa, akavuta kikombe kwake, akanywa.