Uvimbe Aliouona Baba Mkwe

Mbwa wangu alikuwa amelala chini ya kichanja cha kakao, mahali pake pa kazi. Kwa miaka kumi na miwili aliilinda kakao yetu dhidi ya kuku na mbuzi wa kijiji kizima cha Busale, na sikumbuki kama alimng'ata hata mmoja. Alikuwa anainuka tu, anawatazama, nao wanaondoka kwa aibu. Siku hiyo tulikuwa tunavuna mpunga, nikarudi nyumbani mchana kumpa chakula. Nilipomwita alikuja polepole, na kwenye gunia alilokuwa amelalia nikaona damu.

Nikamlaza ubavu. Hakupenda, hajawahi kupenda kupinduliwa na mimi. Kwenye titi la mwisho, karibu na paja, kulikuwa na uvimbe mkubwa kama parachichi, umepasuka upande mmoja na unanuka.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Mikono hii ndiyo iliyompa chakula kila siku. Dawa ya kupe nilimpulizia mwenyewe, mgongoni na masikioni, nikajiona mfugaji hodari. Tumboni sikuwahi kuangalia. Mume wangu alikuwa amenifuata kutoka shambani, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani.

"Usijilaumu," akasema. "Mbwa wanajua kuficha ugonjwa."

Naomba maneno hayo yakae hapo. Nitayarudia.

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake na pikipiki kutoka Kyela mjini, dada mmoja kijana mwenye mikono ya haraka. Alimpapasa mbwa, akahesabu matiti moja moja, akasikiliza kifua. Akaniambia ni saratani ya matiti, na kwamba mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi huipata sana akizeeka.

"Uliuona lini, mama?"

"Jana."

Akanitazama kama manesi wanavyomtazama mama aliyechelewesha mtoto hospitali halafu anadanganya siku. "Huu una mwaka, mama. Pengine zaidi. Ungekuwa bado kama harage, ningeutoa tukamaliza, na mbwa angeishi uzee wake."

Niliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu ubaoni. Mimi niliyefundisha darasa la pili nusu ya umri wangu, niliyekuwa nikimjua mtoto mwenye chawa kwa kumtazama tu akiingia mlangoni! Mume wangu alikuwa ameshika ndoo ya maji ya kunawa. Naye aliinamisha kichwa. Nikadhani ananionea huruma.

Daktari alisema anaweza kukata mstari mzima wa matiti upande ule. Kama saratani haijafika kwenye mapafu, mbwa atapata muda. Kama imefika, tutajua akianza kukohoa. Kipimo cha kuona mapafu ya mbwa hapa kwetu hakuna, na umri nao si rafiki wa sindano ya usingizi. Nikasema akate.

Habari zilifika kanisani kabla ya Jumapili. Mwanakwaya mwenzangu aliniuliza kama mgonjwa atalazwa wodi ya wanaume au ya wanawake, wakacheka benchi zima. Nami nilicheka. Hapa kwetu mbwa akizeeka anaachwa afe nyuma ya nyumba, na anayempasua anaonekana ana pepo au ana wazungu wanaomlipia. Mimi sikuwa na pepo. Nilikuwa na deni la mwaka mzima wa kutokuangalia, ndivyo nilivyoamini, na nilitaka kulilipa.

Upasuaji ulifanyika asubuhi barazani, juu ya meza yetu ya kulia chakula, tukiwa tumeifunika turubai. Nilimshika kichwa. Sindano ilipomwingia alinitazama, na macho hayakufumba hata usingizi ulipomchukua, kwa hiyo kwa muda wote ule alikuwa kama ananitazama mimi niliyempeleka kwenye kisu. Mume wangu alishika miguu ya nyuma. Daktari alipoweka kile alichokitoa ndani ya beseni, mume wangu alianza kulia. Alilia kabisa, kamasi likamtoka, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Nilimpenda sana saa ile. Nasema ukweli.

Mbwa aliamka mchana, anayumba. Tulimvalisha ndoo ndogo iliyokatwa kitako shingoni ili asilambe mshono, akawa anagonga kila mlango anaopita.

Sasa lazima nieleze kuhusu baba mkwe, kwa sababu siku ya nne alikuja kumwona mgonjwa.

Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Wengine siku hizi wameacha, wanakaa meza moja na kutaniana, lakini mzee wetu ni wa zamani na mimi nilifundwa na mama wa zamani. Nimeolewa miaka ishirini na minane, na uso wake nimeuona mara moja, siku ya kumzika mama mkwe, nikageukia pembeni. Namjua kwa kofia yake kwa nyuma, kwa fimbo yake, na kwa kikohozi anachokohoa makusudi akifika kwenye migomba, ili mimi niingie jikoni. Nikishaingia, anakaa barazani. Kanisani yeye anatokea mlango wa mbele, mimi wa pembeni. Hii si chuki, ni heshima, na kusema kweli nilizoea mpaka nikaipenda.

Akiwa na neno kwangu, analituma. Watoto walipokuwa nyumbani walikuwa ndio wajumbe wetu, na mtoto husema alivyotumwa, hata pale ungependa apunguze. Watoto wakakua, wakaondoka. Akabaki mjumbe mmoja, mume wangu.

Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya nyumba zote mbili. Kila alasiri, kakao ikishaanuliwa, alivuka migomba kwenda kwa mzee, ambaye alimwekea vichwa vya mbasa akipata samaki kutoka Matema. Kwangu alikuwa mfanyakazi, kwa mzee alikuwa mgeni. Kule, mume wangu aliwahi kuniambia akicheka, analala chali na mzee anamkuna tumbo.

Siku hiyo ya nne nilisikia kikohozi, nikaingia jikoni nikaendelea kusonga ugali. Mzee akaketi. Nilisikia ndoo ya mbwa ikigonga mguu wa kiti.

"Ndaga, mama, ndaga," mzee akampa mbwa pole kwa Kinyakyusa. "Wamekukata, eh? Wamekukata." Kiti kikasogezwa. "Mimi nilisema. Wakati wa kupalilia mpunga, si mwaka huu, mwaka ule. Nilikushika hapa, kalikuwa kadogo kama punje ya hindi. Nikamwambia mwanangu, mwambie mwenzio mbwa wake ana kitu. Siku ya Pasaka nikamwuliza tena. Akasema, amesema ni jipu, atalipaka dawa." Fimbo ikagonga sakafu. "Mimi ni nani niingilie? Lakini mtu anakulindia mali miaka yote hii, unamwacha aoze! Mwanamke yule sikumdhania hivyo."

Mwanamke yule ni mimi.

Ugali uliungua. Nilisimama na mwiko mkononi, naunganisha mambo. Ndizi ambazo mzee alikuwa akiniachia barazani kila wiki zilikoma mwaka jana, baada ya Pasaka. Nilidhani ni uzee. Kumbe kwa zaidi ya mwaka mzee alikuwa akikaa upande wa pili wa ukuta huu akiniona mtu asiye na huruma, nami namchemshia chai.

Mume wangu alirudi alasiri, akaegemeza jembe ukutani.

"Baba alikwambia lini kuhusu mbwa?"

Hakuuliza mbwa gani wala jambo gani. Alikaa kwenye kizingiti.

"Nilidhani ni jipu," akasema.

"Sikukuuliza ulidhani nini."

"Ulikuwa na shughuli za harusi ya binti. Nikasema nisikuongezee. Halafu siku zikapita. Nikaona nikisema, utaniuliza kwa nini sikusema mapema."

"Na baba alipouliza, nani alisema litapakwa dawa?"

Akakwaruza tope kwenye goti lake. "Ilibidi nimjibu kitu."

Ilibidi amjibu kitu! Kwa hiyo akachukua mdomo wangu akautumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema inakuwaje maradhi yakifichwa na mtu mwingine na kifo ni cha mbwa wako. Tena hilo la kuficha ningeweza kulimeza. Watu husahau, watu huogopa. Nilichoshindwa kumeza ni ule mkono begani. Alinikuta kwenye tope najilaumu, na yeye anajua, akasema usijilaumu. Alisimama na ndoo daktari akinitia aibu. Usiku tatu mfululizo nilimlilia kifuani kwamba nimemuua mbwa wangu kwa uzembe, naye akanipapasa mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinanibembeleza.

"Nenda kwa baba sasa hivi," nikamwambia. "Mwambie sikuambiwa."

Alikwenda. Alirudi kabla maji hayajachemka.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa. Yameisha."

Nilitaka kuamini. Mtu ukishaolewa miaka ishirini na minane, kuamini ni rahisi kuliko kuhama.

Baada ya siku mbili kikohozi kikasikika tena kwenye migomba. Nikaingia jikoni, nikasimama karibu na ukuta, nikisubiri niliyekuwa namdai radhi aje na neno zuri. Mzee akaketi, akamkagua mbwa mshono.

"Unapona," akasema. "Unapona, japo mwenye mbwa hajali."

Hakuwa ameambiwa chochote. Mume wangu alifika kwenye migomba, akahesabu muda wa kwenda na kurudi, akarudi.

Nilimwita mbwa jina lake kupitia ukutani. Nilisikia ndoo ikigeuka. Sauti yangu mzee alikuwa akiisikia kwenye kwaya tu, ikiwa imechanganyika na za wengine, na sasa ilikuwa peke yake.

"Mwambie anayekushika," nikamwambia mbwa, "mimi sikuambiwa. Si wakati wa kupalilia, si Pasaka. Neno la jipu sikulisema mimi. Nimeujua huu uvimbe wakati wa kuvuna, na ningeujua siku ile aliyoujua yeye, ningekubeba mgongoni mpaka Kyela."

Nilidhani nimevunja kitu ambacho hakitengenezeki. Kisha nikasikia fimbo ikiwekwa chini taratibu.

"Kumbe," mzee akasema. Baadaye tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mwambie bibi yako nilimkosea. Nilimsikiliza mwanangu."

Kesho yake mbasa mzima alikuwa barazani, amefungwa kwenye jani la mgomba. Hatukumwambia mume wangu tulivyoelewana. Aliuliza samaki katoka wapi, nikamwambia kwa baba, naye akatabasamu kama mtu ambaye kazi yake imefanikiwa. Nilimwacha atabasamu.

Mbwa alipata miezi mitano. Katika miezi hiyo nilizungumza na baba mkwe kuliko miaka yote iliyotangulia. Yeye barazani, mimi jikoni, mbwa katikati amelala mlangoni, kila mmoja anamwambia mbwa. Mzee alimwambia mbwa mpunga wa bondeni unahitaji mtaro. Mimi nilimwambia mbwa mama mkwe alinifundisha kupika ndizi kwa maziwa. Siku moja mzee alimwambia mbwa kwamba mwanawe alikuwa mwongo tangu utotoni, na kwamba yeye kama baba aliliona akalicheka. Mume wangu nilimpikia, nikamfulia, na nikaacha kumwuliza habari yoyote ambayo sikuwa na njia ya kuihakikisha.

Kisha mbwa akaanza kukohoa. Daktari alikuja akasikiliza kifua, akatikisa kichwa. Hakunitazama vibaya safari hii, nilikuwa nimeshamweleza. Alimchoma sindano ya mwisho barazani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na macho yake, kama ile mara ya kwanza, hayakufumba.

Tulimzika karibu na kichanja. Nilijua mzee angependa kuja, lakini mmoja wetu ilibidi asiwepo, na yeye aliniachia mimi. Nilikiona kikofia chake mbali kati ya migomba, kimesimama muda mrefu, nikageukia pembeni.

Jioni mume wangu alikwenda kwa baba yake, akarudi, akavua viatu mlangoni.

"Baba anasema pole sana," akaniambia. "Anasema wewe ulimtunza mbwa vizuri."

Ni maneno mazuri. Huenda mzee aliyasema. Nilimtazama mume wangu mdomo, nikasema ahsante, na sikuwa tena na mjumbe mwingine wa kumwuliza.