Shavu la Kulia Mwendo, Shavu la Kushoto Honi

Baba aliendesha lori la taka la jiji tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu alipanda juu ya paa letu kule mtaa wa Jericho kuziba bati lililokuwa likivuja, akateleza, akaanguka na kuvunjika shingo. Aliporudi kutoka hospitalini, kilichobaki kikimtii ni kichwa tu. Mama yangu alikuwa akishinda sokoni na mboga zake. Mimi ni fundi wa redio na simu, basi nikaihamishia meza yangu ya kazi chumba cha mbele, kilipokuwa kitanda chake, nikawa nachomelea waya huku Baba ametazama dari.

Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akaanza kukataa chakula.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "usinilishe kama mtu anayejaza gunia."

Wiki hiyo nilienda Eastleigh kununua vioo vya simu, nikarudi na lori la kuchezea, la manjano, lenye rimoti. Baba alilitazama.

"Sasa umeniona mtoto?"

"Nimekuona dereva."

Niliifungua ile rimoti, nikavuta waya kutoka kwenye vitufe vyake hadi kwenye swichi tatu, nikazifunga kwenye kitanda: moja karibu na shavu la kulia, ya kwenda mbele, moja nyuma ya kichwa, ya kurudi nyuma, na moja karibu na shavu la kushoto, ya honi niliyoiongeza mwenyewe. Jaribio la kwanza lilinivunja moyo. Lori lilikwenda tu wakati shavu limekandamiza swichi, na shingo yake haikuweza kukandamiza kwa muda mrefu. Lilisogea hatua mbili, likasimama. Jasho lilimtiririka hadi machoni na hakuwa na mkono wa kujifuta.

"Lori halisukumwi kwa uso," alisema, akafumba macho.

Nilikaa na tatizo hilo siku kadhaa. Alihitaji swichi inayokumbuka: uiguse mara moja ishike, uiguse tena iachie. Nilitoa vipuri kwenye redio mbovu, nikaunguza viwili, cha tatu kikakubali, nikazitengeneza swichi zote hivyo, hata ya honi. Baba aligeuza shavu, akagusa, akarudisha kichwa kwenye mto. Lori likaendelea kwenda. Likapita mlangoni, likashuka kizingiti, likaingia kwenye korido peke yake huku yeye amelala akilisikiliza. Aliposikia limefika mbali aligusa tena, likasimama.

"Breki ziko sawa," alisema. Siku hiyo alimaliza ugali.

Baada ya hapo aliendesha kila siku. Nilimwekea kioo juu ya mlango ili aione korido hadi kwenye bomba la maji. Kabla ya kurudi nyuma alipiga honi mara mbili, fupi fupi, kama alivyofundishwa kazini, na aliwakaripia wapangaji wenzetu walioacha ndoo njiani. Watu walimzoea. Wakisikia honi waliinua miguu.

Ilitokea siku moja mchana. Mama yangu alikuwa sokoni. Nilikuwa bombani nikifua mashuka ya Baba, na jirani wa mlango wa pili alikuwa kando yangu akiosha vyombo. Honi ikalia.

"Leo mzee wako amechangamka," jirani alisema.

"Mwache apige."

Ikaendelea kulia. Jirani akasema labda mzee amekutana na msafara wa rais, tukacheka. Nikasuuza shuka la kwanza, nikalikamua, nikalianika. Kisha lori likatoka mlangoni, likaja moja kwa moja hadi ukutani, likagonga, magurudumu yakawa yanazunguka pale pale. Hata hapo nilicheka. Nilisuuza shuka la pili. Nilipokuwa nalikamua ndipo nilipotambua kwamba honi haikuwa imenyamaza hata mara moja. Baba hakuwa mtu wa kuacha honi ikalia ovyo. Alisema ni ushamba.

Nilikimbia. Makohozi yalikuwa yamemkaba. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu na macho yalikuwa yamekodolea kile kioo juu ya mlango, ambamo aliweza kutuona pale bombani. Alikuwa amegusa swichi ya honi, kisha ya kwenda mbele, nazo zikashika na kuita badala yake, vile nilivyozitengeneza. Nilimgeuza ubavu, nikatia vidole kinywani, nikampiga mgongoni. Pumzi ilirudi, lakini Baba hakurudi nayo. Alikaa wodini siku tisa bila kumtambua mtu, akafa asubuhi ya kumi. Nilimwuliza daktari kama dakika zile nilizochelewa zingebadilisha kitu. Alisema hakuna anayeweza kujua.

Tulimzika kwao, magharibi. Watu walisimama mmoja mmoja wakanisifu: binti aliyempa baba yake usukani tena. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Tuliporudi Jericho sikuweza kulala wala kula. Jioni moja nilimkuta mama yangu ameketi sakafuni akichambua sukuma wiki, nikaketi karibu naye nikamwambia yote, honi, mashuka mawili, kicheko.

Hakuinua uso. "Najua," alisema. "Jirani aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?"

Alichambua majani mengine kadhaa. Nilisubiri aniambie si kosa langu, na nadhani alijua nasubiri. Mwishowe alinisogezea nusu ya mboga na kisu, nami nikaanza kukata.