Nilipitisha Gari la Baba Mkwe Bila Kutazama Uvunguni

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na la mke wangu pia. Bagamoyo ni mji mdogo na kila mtu ni shemeji wa mtu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja. Nina mke mmoja na mtoto mchanga ambaye hadi leo sijampakata. Kazi yangu ni kukagua magari ya mji huu na vijiji vyake kabla hayajapewa cheti cha kupita barabarani. Mengi ya huku ni mikweche iliyochoshwa Dar es Salaam ndipo ikaletwa kwetu, na hewa ya chumvi inaimalizia. Maradhi yake nayajua: taa inawaka moja, matairi yana upara, usukani unauzungusha weee na gurudumu halijasikia. Lakini hayo unayaona umesimama. Ugonjwa unaoua uko uvunguni, na kuuona sharti ulale chali mchangani, uingie chini na nyundo, ugonge chuma kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nagonga vyote. Wenye magari waliniita Bwana Rudisha, na sikuona haya.

Mwaka huu baba mkwe wangu, mkulima wa Fukayosi, aliuza shamba la minazi alilorithi Kaole akanunua gari la bodi ya mbao, kuukuu, apakie mihogo na abiria. Hakuniuliza. Siku ya kukaguliwa akaja nalo mwenyewe, na kiti cha mbele, kajitanda kanga hadi puani, ameketi mama mkwe.

Wasomaji wa pwani mnanielewa. Mama mkwe nikikutana naye njiani, mimi ndiye wa kuingia majanini apite. Tangu nimwoe bintiye sijala mbele yake hata siku moja. Leo nilale chali, miguu nje, chini ya kiti alichokalia yeye? Astaghfirullahi!

"Shikamoo baba," nikasema. "Namwomba mama ashuke, akae kivulini."

"Marahaba mwanangu. Miguu inamsumbua, muache. Wewe kagua tu, yeye hana neno."

Nikazunguka gari. Nikatazama taa, nikapiga honi, nikakanyaga breki pale pale mchangani zikashika. Nikatia sahihi. Wahenga walisema heshima si utumwa. Yangu mimi ilikuwa utumwa mtupu.

Mke wangu alipokaribia kujifungua akaenda kwao, na akapanda gari hilo hilo. Baada ya siku chache nikawapelekea mchele na nguo za mtoto. Nikalikuta gari uani, mama mkwe yuko shambani. Moyo haukunipa raha. Nikatoa nyundo yangu mfukoni, nikalala chali, nikaingia.

Jamani! Chesisi, uti wa mgongo wa gari, imeliwa na kutu, nyundo ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Palipokatika pamechomekwa kipande cha mti, pakapakwa rangi nyeusi. Chuma cha kuvuta breki kimekatika zamani, kimeungwa kwa waya, na waya wenyewe umebaki nyuzi mbili tatu. Nilitoka pale na mchanga mgongo mzima.

"Baba," nikamwambia, "gari hili tulisimamishe leo. Litaua watu."

Hakushtuka hata kidogo. "Nayajua yote hayo. Aliyeniuzia alinionyesha. Kwani ulidhani mama mkwe wako nilimleta mjini kutembea?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini: "Shamba limeshakwenda, mwanangu. Gari hili ndiyo minazi yangu sasa. Ukilifutia cheti, mwanamke harudi kwako, na talaka nitakwenda kumdaia kwa kadhi. Tena sahihi si yako?"

Nikaondoka kama mwizi. Mke wangu akajifungua mtoto wa kike salama, alhamdulillahi, lakini kwenda kumwona sikualikwa. Ikaja habari tu kwamba siku ya arobaini mama na mtoto wataletwa nyumbani kwa gari, pamoja na shangazi zake na jamaa wote, kwa vigelegele.

Nikamtuma shemeji yangu akaseme nitakuja kuwachukua mwenyewe kwa baiskeli, polepole. Akarudi na jibu la mama mkwe: "Mzazi apakiwe baiskeli na baba yake ana gari? Kama hamtaki mtoto kwa kuwa ni wa kike, aseme!" Na mke wangu, nasikia, amelia siku mbili. Ningemwandikia nimweleze, lakini hajui kusoma, na barua zake zote husomwa na baba yake. Shemeji naye nikimwambia la gari anacheka, anasema nina kijicho na mali ya mzee.

Kukifuta cheti ni kwenda kwa mkubwa wangu kukiri kwamba nilitia sahihi nisichokiona. Kazi basi, mke basi, mtoto basi. Nisipokifuta, wote wamo garini. Nimefika mlango wa ofisi yake mara tatu, na mara tatu nimerudi. Niiteni mwoga, mtakuwa mmesema kweli.

Arobaini inatimia Ijumaa. Najua gazeti lenu litatoka Ijumaa imeshapita, lakini mimi sina mwingine wa kumwambia. Kutoka Fukayosi kuna mteremko mmoja mkali unaoishia kwenye daraja la miti, na nimeazimia siku hiyo nikasimame pale darajani tangu asubuhi. Nitawasikia kwa vigelegele kabla sijawaona. Nishaurini, ndugu zangu: nikiwapungia mkono wasimame, watasimama kwa breki gani?